Rangi ya Breki

Kama umewahi kusimama kando ya barabara ukatazama motokaa zikipita, huenda umeona baadhi yake ambazo nyuma ya vijiti vya gurudumu huonekana kitu chekundu au cha manjano, kimetulia mahali pamoja ilhali gurudumu lenyewe lazunguka. Watoto hukionyesha kwa kidole. Vijana husema kwamba gari lile ni la mbio. Watu wazima wengi hawakioni kabisa. Kitu hicho huitwa kalipa, nacho ndicho mkono wa breki: huishika sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, huibana, na gari husimama. Nakusudia kukueleza habari za kukisafisha kitu hicho na kukipaka rangi nyumbani, kazi niliyoifanya kwa mikono yangu, na ambayo wengine wataihesabu kuwa upuuzi wa mtu aliyekosa la kufanya siku za likizo.

Sikatai kwamba yaweza kuwa upuuzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili huku Limuru, umri wangu haujafika miaka 40, na motokaa yangu ni Toyota ya kawaida iliyotumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kuvuka bahari. Haikuundwa kwa mashindano, wala mimi sina wa kushindana naye. Ilipofika kwangu ilikuwa na rimu za chuma zilizofunikwa kwa vifuniko vya plastiki, na nyuma ya vifuniko hivyo breki ziliishi maisha yake ya faragha. Kisha nikapata, kwa bei niliyoimudu, rimu nne za aluminiamu zenye vijiti vitano na nafasi kubwa baina ya kijiti na kijiti. Zilikuwa nzuri mno. Lakini kitu kizuri kina tabia ya kumwumbua jirani yake. Siku ile ile kalipa mbili za mbele zilifichuka, zimevaa kutu na matope makavu, kama masufuria yaliyosahauliwa mvuani. Nikazitazama asubuhi nikienda shule, nikazitazama jioni nikirudi, mpaka nikaona haya.

Breki za sahani si jambo la jana. Mwingereza Frederick Lanchester alizipatia hataza mwaka 1902, ila zilichakaa upesi, na kwa miaka mingi magari yakaendelea kutumia breki za ngoma, ambazo hubana kutoka ndani na kujificha zisionekane. Mwaka 1953 motokaa za Jaguar zenye breki za sahani zilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa. Watengenezaji wengine wakazifuata, hata leo ni nadra kukuta motokaa isiyo nazo katika magurudumu ya mbele. Rangi ilikuja baadaye, nayo ilikuja na maana. Kampuni ya Porsche ya Ujerumani, kwa mfano, kwa desturi hupaka manjano kalipa za magari yenye sahani za seramiki, na nyekundu kalipa za baadhi ya magari yake yenye nguvu zaidi. Aijuaye lugha hiyo hulisoma gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo mtu apakaye nyekundu kalipa za Toyota ya mwalimu huisemesha motokaa yake maneno isiyoweza kuyatimiza. Mimi nilichagua buluu, buluu ya wino, ambayo haidai kitu. Na nikuambie kweli, nyekundu mwalimu ameitumia ya kutosha katika madaftari.

Watu wa nchi hii hawahitaji kufundishwa kupamba vyombo vya safari. Jahazi za Lamu hubandikwa kila upande wa omo duara la mbao lililochorwa mwezi na nyota, na sijasikia nahodha aliyedai kwamba duara hilo huongeza upepo. Matatu za Nairobi huchorwa nyuso za wanamuziki na wachezaji kandanda, toka bampa ya mbele hata ya nyuma. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilileta mstari wa manjano ubavuni, mikanda ya viti na vidhibiti mwendo, na kwa muda michoro ikapungua. Kisha ikarudi kwa wingi. Mimi si adui wa michoro hiyo. Lakini tazama, msomaji, mahali rangi ilipo. Iko ubavuni, iko mlangoni, iko juu ya kioo. Sijaona bado mpambaji wa matatu aliyepiga magoti akaingiza kichwa chake nyuma ya gurudumu. Huko, mahali zinapotegemea roho za abiria 14, au 33, kuna kutu na matope na giza.

Ili uyafahamu yatakayofuata, sharti nikueleze kwanza jinsi mkono huo unavyoshika. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa katika bomba jembamba mpaka ndani ya kalipa, yakaisukuma pistoni iliyo nene kama kikombe. Pistoni huisukuma pedi ya ndani, yaani kipande cha chuma kilichogandishwa kitu kigumu cha kusugua, mpaka ikagusa sahani. Ajabu yake ni kwamba upande wa nje hauna pistoni. Kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili za chuma, ikajivuta kuelekea ndani, na kwa kujivuta huko ikaileta pedi ya nje juu ya sahani. Pini zikiwa safi na zenye grisi, pedi mbili hushirikiana kazi. Pini zikishikwa na kutu, pedi ya ndani hubaki ikifanya kazi peke yake, ikaliwa upesi, ilhali mwenzake wa nje amekaa mnene kama alivyotoka dukani. Si kalipa zote zilizo hivi. Ziko zenye pistoni pande zote mbili. Lakini nyingi za motokaa za watu kama mimi ni za namna hii.

Sasa fikiri juu ya joto. Breki hailifuti tendo la mwendo; huligeuza kuwa moto. Wewe uliye darasani waweza kupiga hesabu hii: motokaa yenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na abiria wake, ikienda kilomita 80 kwa saa, imebeba nishati ya jouli kama 296,000. Ukiisimamisha kwa breki peke yake, nishati hiyo yatosha kuipandisha lita moja ya maji kutoka digrii 20 mpaka karibu digrii 90. Yote hiyo humwagwa katika sahani na pedi kwa muda wa sekunde chache. Na hiyo ni mara moja tu. Kutoka huku kwetu juu kushuka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu ni kimo cha zaidi ya mita 500. Motokaa ile ile ishukapo mita 500 huachilia nishati iliyo karibu mara 20 ya hiyo niliyoitaja. Upepo huchukua sehemu, na injini huchukua sehemu kubwa dereva akishuka kwa gia ndogo. Lakini dereva aachiaye gari liteleze, akategemea mguu wake tu, humtwisha kalipa mzigo wote.

Ndiyo sababu rangi ya mafuta ipakwayo milango na madirisha haifai kitu hapa. Itageuka kahawia, itapasuka, itabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Hutakiwa rangi iliyotengenezwa kwa kalipa au kwa injini, ambayo maandishi ya kopo lake hutaja digrii iwezayo kustahimili. Iko ya kupuliza na iko ya brashi. Mimi nilipendelea brashi, kwa kuwa rangi ya kupuliza hutembea na upepo ikatua pasipotakiwa, na breki ina mahali pengi pasipotakiwa rangi: uso wa sahani, pedi, pini, mipira izuiayo vumbi, na ile skrubu ndogo ya kutolea hewa. Sahani ikipata rangi, kazi yako imekuwa kinyume cha breki.

Julai huku Limuru ni mwezi wa ukungu na manyunyu, na rangi haikauki vema. Nikangoja likizo ya Agosti. Jumamosi ya pili jua lilitoka kwa heshima, nikaipeleka motokaa mahali palipo sawa mbele ya nyumba, nikaweka kabari za mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikalegeza nati kabla ya kuinua, nikainua kwa jeki, na chini ya chesisi nikatia stendi mbili za chuma. Jambo hili la stendi naomba ulisome mara mbili. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Aingizaye mkono wake, sembuse kichwa, chini ya gari lililosimama juu ya jeki pekee, amekabidhi uhai wake kwa kipande kidogo cha mpira kilichomo ndani ya jeki.

Alikuwapo kijana mmoja niliyemfundisha zamani kidogo, ambaye sasa huandika vibao vya maduka na kupaka rangi matatu katika jua kali. Alikuwapo pia mzee jirani yangu aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Malaba mpaka alipostaafu. Kijana alikuja kwa kuitwa. Mzee alikuja na kiti chake. Aliketi kivulini akatutazama jinsi watu watazamavyo mchezo wa watoto.

"Mwalimu," akasema, "ukimaliza kuzipaka hizo, uipake na oili."

Tukacheka, tukaendelea. Kazi ya kwanza ni kusafisha, nayo ndiyo kazi hasa. Kupaka ni sherehe yake tu. Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu, kwa maana halifai kuingia kifuani. Hulowanishwa kwanza, likafutwa kwa kitambaa cha kutupwa. Baada ya hapo huja brashi ya waya, kisha msasa, kisha kitambaa chenye dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kirudi cheupe. Mafuta ya taa sikuyatumia, kwa kuwa huacha unyevu wa mafuta nyuma yake, na juu ya mafuta hakuna rangi ishikayo. Kwa upande wa kulia tulitumia saa moja na nusu. Kutu ilitoka kwa magamba, na chini yake chuma kikaonekana, cha kijivu, chenye tarakimu zilizochongwa kiwandani ambazo labda hakuna aliyezisoma tangu Japani.

Upande wa kushoto ulikuwa na habari nyingine. Nilipofungua boliti ya chini ili niinue kalipa na kuisafisha kwa ndani, haikuinuka. Kijana akaisukuma, nami nikaisukuma. Ikabaki kama iliyochomelewa. Mzee akaacha kucheka. Akainuka kitini, akaja akachuchumaa nasi, akaitazama muda, akaomba nyundo ndogo na kipande cha mti. Alipiga taratibu, hapa mara mbili, pale mara mbili, kama mtu agongaye mlango wa mgonjwa. Kalipa ikalegea. Pini ya chini ilitoka imekauka, haina grisi hata chembe, imevaa kutu kutoka nchani hata katikati. Tukaitundika kalipa kwa waya, maana haifai kuiacha ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, tukazitoa pedi.

Ya nje ilikuwa nzima kabisa. Ya ndani ilikuwa imeliwa, na kile kitu cha kusugua kilichobaki juu ya chuma hakikuzidi unene wa jalada la daftari. Mzee aliichukua akapitisha kidole gumba juu yake.

"Mwalimu, safari ya Narok ni lini?"

"Ijumaa ijayo, Mzee."

"Na mama yako yumo?"

"Yumo."

Akanirudishia pedi mkononi, akarudi kitini, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Nataka ulielewe jambo hili vizuri, msomaji, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Miezi miwili kabla ya siku hiyo motokaa ile ilikuwa imetengenezwa katika gereji nisiyoitaja, na karatasi niliyopewa ilikuwa na alama ya vema mbele ya neno breki. Huenda aliyeiweka alitazama pedi ya nje, ambayo yaonekana kwa urahisi gurudumu likiwa mahali pake, akaiona nene, akatosheka. Mwalimu ajua sana jinsi alama ya vema iwezavyo kuwekwa na mkono ambao jicho lake halikusoma ukurasa wa pili. Pedali yenyewe haikunionya. Kituo kilikuwa kizuri, motokaa haikuvuta upande, wala hapakuwa na mlio wa chuma juu ya chuma. Mlio ule ungekuja baadaye, na sina hakika ungekuja kabla ya mteremko au katikati yake. Kilichotuonyesha pedi ile kilikuwa ni tamaa ya rangi ya buluu. Kama nisingeona haya kwa ajili ya kutu, nisingeshika brashi. Na kama nisingeshika brashi, nisingefungua boliti.

Wapo wasemao kwamba mapambo humsahaulisha mtu kazi ya kitu, nami nimewaona watu ambao kwao ni kweli. Kuna apakaye rangi bila kufungua lolote, juu ya kutu na juu ya matope, akitumia brashi ndefu kati ya vijiti vya rimu. Kwa mbali hung'aa, na ndani pini zimekwama vile vile. Huyo ameifanya kutu isionekane tena hata na fundi. Lakini apakaye kwa haki hana njia ila kugusa kila pembe, na mkono ugusao kila pembe huona yaliyomo. Sidai kwamba kila apambaye huponya. Nasema tu kwamba katika nyumba yangu, wiki ile, pambo lilifanya kazi ambayo karatasi ya ukaguzi haikuifanya.

Kijana alipanda bodaboda akaenda kununua pedi mpya na grisi ya pini, ile istahimiliyo joto na isiyodhuru mpira. Mzee akasimamia. Tulisugua pini mpaka zikang'aa, tukaitazama sahani, ambayo kwa bahati njema ilikuwa haijachimbika, tukairudisha pistoni ndani polepole huku tukichunga kopo la mafuta ya breki lisifurike. Mafuta haya ni adui wa rangi: tone moja likidondoka juu ya kazi yako mpya, huilainisha na kuibandua. Mzee alichovya kijiti ndani ya kopo akatuonyesha mafuta yalivyogeuka rangi ya chai. Hunywa unyevu wa hewa, akasema, kama chumvi. Kwa kipimo cha kiwanda, mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya digrii 205. Yakiisha kunywa maji, kipimo cha chini hushuka hadi 140. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubanika kama puto, ilhali mafuta hayabaniki. Hapo dereva hukanyaga pedali ikazama mpaka sakafuni, na gari lisisikie. Tukaamua kwamba Jumatatu mafuta yabadilishwe yote na fundi wa haki, mbele ya macho yangu.

Baada ya hayo kupaka kulikuwa burudani. Tulifunika kwa utepe wa karatasi kila pasipotakiwa rangi, tukapaka mkono wa kwanza mwembamba, hata kijivu kikaonekana chini yake, tukangoja, tukapaka wa pili, tukangoja, tukapaka wa tatu. Mwenye haraka hupaka mmoja mzito, na rangi ikatiririka ikafanya machozi.

Ndipo pakazuka mabishano. Kijana alikuwa amekuja na karatasi za kubandika zenye jina la Brembo, kampuni ya Italia iliyoanzishwa mwaka 1961, mashuhuri kwa breki za magari ya mashindano. Huuzwa madukani kwa bei ndogo. Akasema kwamba kalipa bila maandishi ni kama matatu bila jina.

"Lakini hazikutengenezwa na hao," nikasema.

"Mwalimu, matatu huandikwa jina la ndege, na hairuki. Nani amedanganyika?"

Nikamjibu kwamba hakuna apandaye matatu akitumaini kuruka, bali yupo atakayeinunua motokaa yangu siku moja, akaliona jina hilo, akaamini kwamba aliyeziunda breki ni yule aliyeandikwa. Na jambo analoliamini mtu juu ya breki zake hubadili mwendo wake. Kijana aliwaza. Kisha akasema neno ambalo sikuwa na jibu lake: kwamba kama ni hivyo tuandike neno letu wenyewe, kwa maana kuacha tupu nako si pambo. Nikaona ana haki.

Chuoni, nilikofunzwa ualimu, tulifundishwa kukata herufi katika karatasi ya manila kwa wembe, ili mwalimu aweze kupata vifaa vya kufundishia hata katika shule isiyo na kitu. Ustadi huo nimeutumia kwa ramani, kwa majedwali ya hesabu na kwa mabango ya siku ya michezo. Sikutazamia kuutumia kwa breki. Nilikata herufi sita za urefu wa sentimita moja na nusu. Kijana, ambaye mkono wake hautetemeki kama wangu, akagonga rangi nyeupe kwa kipande cha sponji, kidogo kidogo, kalipa ya kulia kisha ya kushoto. Alipoondoa manila palisomeka: SIMAMA. Na kwa kuwa kalipa haizunguki, neno hilo laweza kusomwa hata gari likiwa laenda.

"Sasa," akasema mzee, "hata askari wa barabarani amesaidiwa kazi."

Motokaa ililala juu ya stendi usiku ule. Asubuhi ya Jumapili, rangi ilipokuwa imekauka, tulirudisha magurudumu, tukakaza nati kwa kuvuka, yaani kutoka moja mpaka iliyo mkabala nayo na si kwa kuzunguka duara. Kabla injini haijawashwa, mzee aliniamuru nikanyage pedali. Ilizama. Nikakanyaga tena, na tena, mpaka ikawa ngumu. Pistoni ikiwa imerudishwa ndani, mkanyago wa kwanza haubani kitu. Na mtu asiyejua, akiiondoa motokaa vivi hivi, hulijua langoni. Pedi mpya nazo hutaka kuzoeana na sahani, kwa hiyo wiki ile nilizikanyaga kwa upole barabarani, nisizishurutishe.

Ijumaa tulishuka. Barabara ile ya ukingo wa Bonde ilijengwa katika miaka ya 1940 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, ambao waliacha kando yake kanisa dogo lililopo hata leo. Mama aliketi mbele, kikapu chake magotini. Nilitia gia ndogo toka juu, nikaacha injini ilie, na malori yakawa mbele yetu yakitambaa kwa moshi. Mahali pengine harufu ya breki za watu wengine iliingia dirishani. Mama aliuliza kwa nini twaenda polepole hivi ilhali barabara yateremka. Nikamwambia kwamba ndiyo sababu.

Karibu na kanisa nikaegesha. Nikasogeza kiganja karibu na rimu ya kulia bila kuigusa, kisha ya kushoto. Joto lilikuwa sawa pande zote mbili, na hiyo ndiyo dalili niliyoitafuta, kwa kuwa kalipa iliyokwama hulifanya gurudumu lake kuwa na joto kuliko mwenzake. Mama naye akashuka, akainama kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, akasoma lile neno jeupe kwa sauti, akauliza kama rangi haikuungua. Haikuungua. Mai Mahiu, kwa wasiojua Kikuyu, maana yake ni maji ya moto. Nikafikiri juu ya lile kopo la mafuta ya rangi ya chai, nikafurahi kwamba lilikuwa limemwagwa.

Tangu hapo jiwe moja limeipiga kalipa ya kulia likabandua rangi chini ya herufi ya mwisho, kiasi cha ukucha. Nimeipaka tena mahali hapo kwa kijiti cha kiberiti. Kila mwisho wa muhula huyatoa magurudumu ya mbele, nikazivuta kalipa kwa mkono kuona kama zateleza, nikazitazama pedi zote nne, za ndani kwanza. Kijana ameniletea habari kwamba mwenye matatu mmoja, baada ya kuyaona maandishi, alimtaka ampakie zake. Akamjibu kwamba atazipaka akikubali zifunguliwe. Mwenye matatu alisema atafikiri. Na mzee ananiuliza kila nikipita nitazifungua lini ngoma za nyuma, ambazo hazionekani na mtu, wala hazihitaji rangi.